Shangazi, Nataka Kuacha Ofisi Nikafundishe Kifaransa

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 26, naishi Ihumwa hapa Dodoma. Nina shahada ya lugha, Kifaransa na Kiingereza, lakini si ya ualimu. Tangu nimalize chuo nafanya kazi kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo. Kazi yangu ni simu na makaratasi: dereva akikwama njiani kati ya hapa na Rusumo, au mteja wa Bujumbura akitaka kujua mzigo wake umefika wapi, mimi ndiye ninayeongea naye. Mshahara si wa kutisha ila haunilazi njaa. NSSF wananikata kila mwezi, na bosi wangu hana neno.

Mwanzoni mwa mwaka, mkuu wa shule moja ya kata ambaye tunasali naye kanisa moja aliniomba msaada. Mwalimu wake wa Kifaransa alikuwa amehamishwa, na kidato cha pili walibaki na madaftari bila mwalimu. Nikakubali kwenda Jumamosi asubuhi, kwa kujitolea, ananipa nauli ya bodaboda tu. Nilijua nitachoka mapema. Shangazi, siku hizi Ijumaa nikitoka kazini sitaki hata mtu anipigie simu, naandaa somo.

Nikupe mfano. Namba za Kifaransa zikifika sabini zinakuwa fumbo. Sabini ni "sitini na kumi", themanini ni "ishirini mara nne", tisini na saba ni "ishirini mara nne na kumi na saba". Niliandika ubaoni, wakakariri, nikawapa jaribio, darasa zima likaanguka. Jumamosi iliyofuata nikageuza darasa kuwa soko la Majengo: karanga, zabibu, nyanya, bei nimeziandika kwenye vikaratasi, nusu wanauza, nusu wananunua, na anayekosea bei ananyang'anywa mzigo. Walichangamka, lakini sabini na tisini zikaendelea kuwashinda. Ndipo nikawaambia wanavyosema madereva wangu wa Burundi na Kongo. Wao sabini ni "septante" na tisini ni "nonante", basi, themanini tu ndiyo iliyobaki vilevile. Darasa likalipuka: "Mwalimu, kwa nini na sisi tusiseme hivyo?" Tulibishana hadi muda ukaisha, kwa Kifaransa kibovu, lakini Kifaransa. Nikawaambia wajue zote mbili, na kwenye mtihani waandike ile ya kitabuni.

Sasa nataka kusoma stashahada ya uzamili ya ualimu niwe mwalimu wa sekondari kabisa. Baba, ambaye ni mstaafu wa reli, alinijibu sentensi moja: "Niliuza ng'ombe usome, halafu uje ushike chaki?" Mama amenyamaza. Mchumba wangu, anafanya kazi wizarani kule Mtumba, hakukataa. Alisema niandike sababu zangu kwenye karatasi, na akizisoma zikamwingia atanilipia ada.

Nimeandika hizi. Kwamba nakipenda Kifaransa tangu kidato cha kwanza. Kwamba walimu wa Kifaransa ni wachache kwa hiyo ajira nitaipata haraka. Kwamba kazi ya serikali ina usalama na pensheni. Kwamba Kongo imeshaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki na watoto wetu watahitaji lugha hiyo. Na kwamba walimu wana likizo ndefu, nitapata muda wa familia. Nikizisoma mwenyewe naziona kama za mtu anayeomba viza. Nisaidie, Shangazi, zipi zibaki na zipi nifute?

Njia Panda, Ihumwa


Marahaba mwanangu,

Asante kwa barua ndefu. Wengi huniandikia mistari mitatu halafu wanataka niwaamulie maisha. Nikwambie mapema kwamba nimefundisha sekondari, Kondoa kwanza na baadaye hapa mjini, Kiswahili na Kiingereza, hadi nikastaafu. Kazi hiyo naipenda bado, na najua inapouma. Kwa hiyo karatasi yako nitaipitia kwa kalamu nyekundu.

Likizo, ifute leo. Shule zinafungwa Juni na Desemba, ni kweli, ila muulize mwalimu yeyote wa kidato cha nne alikuwa wapi Juni iliyopita. Alikuwa kambini na wanafunzi. Na kila Novemba, upimaji wa kidato cha pili unapokutana na mtihani wa kidato cha nne, shule nzima inaishi kwa ratiba ya Baraza la Mitihani. Mwalimu aliyeingia kwa ajili ya likizo huanza kuhesabu siku Januari hiyohiyo, na wanafunzi wanamjua.

Usalama wa ajira si sababu mbaya, ila haikutofautishi na karani, nesi au afisa kilimo. Pensheni unayo tayari NSSF. Serikalini utahamia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Ambacho hukukiandika ni kwamba mwalimu wa serikali anapangiwa kituo. Unaweza kuomba kazi ukiwa Ihumwa ukaripoti Kakonko au Sumbawanga. Uhamisho wa kumfuata mwenza upo, lakini unataka ndoa iliyofungwa, barua nyingi na subira. Hilo mliongee wewe na huyo bwana wa Mtumba kabla hamjaongea habari ya ada.

Sasa hiyo ya uchache wa walimu. Hapa nikae kidogo, maana ndipo vijana wengi wanapoumia. Walimu wa Kifaransa ni wachache, sawa, lakini na shule zinazokifundisha ni chache. Kwetu Kifaransa ni somo la hiari, pamoja na Kiarabu na Kichina. Shule nyingi za kata halimo kabisa kwenye ratiba, na pale lilipo mara nyingi linamtegemea mtu mmoja, akihama linakufa. Umeliona kwa macho yako. Ajira zikitangazwa na Sekretarieti ya Ajira, nafasi hutajwa somo kwa somo, na kilio kikubwa cha serikali ni walimu wa fizikia na hisabati. Halafu kuna usaili, na mnaoingia kwenye usaili ni wengi kuliko viti. Nina jirani ana shahada ya ualimu, anauza vocha na chipsi pale Nkuhungu, na darasani alikuwa hodari.

Kwa hiyo usimwandikie mchumba wako kwamba utapata ajira haraka. Mwandikie kwamba una masomo mawili ya kufundishia. Hicho Kiingereza ulichosoma pamoja na Kifaransa ndicho kitakachokupa mkate kwenye shule ambayo Kifaransa kina vipindi vichache tu kwa wiki. Toa matokeo yako ya chuo uhesabu kozi za Kiingereza ulizosoma, kisha uulize chuo unachokitaka kama zinatosha kukuwezesha kukifundisha. Zikipungua, ni heri ujue sasa. Shule binafsi nazo, hasa hizi za mchepuo wa Kiingereza zinazoota kila upande wa jiji tangu serikali ihamie, nyingine zinatafuta mtu wa Kifaransa anayekizungumza kwelikweli. Wewe unakizungumza na watu wenye mizigo na hasira kila siku. Wengi wa tuliofundisha nao lugha walikuwa hawajawahi kununua hata nyanya kwa lugha waliyoifundisha, na ilionekana.

Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli kabisa: mwaka 2021 wakuu wa nchi walikubaliana Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya kando ya Kiingereza, na mwaka 2022 Kongo ikaingia. Sababu nzuri kwa hotuba ya waziri. Mtoto wa kidato cha pili aliyeamka saa kumi na moja kuchota maji kabla ya shule hatajifunza vitenzi kwa sababu ya kikao cha marais. Wewe lakini unayo njia ya kulishusha jambo hilo hadi kwenye dawati lake, kwa sababu malori ya Kigali na Bujumbura yanapita barabara hiihii ya kwenda Singida, watoto wanayaona, wengine mama zao wanawauzia madereva chai na chapati. Ukiiweka hivyo, ibaki. Ukiiweka kama ulivyoiandika, futa.

Ya kwanza, kwamba unakipenda Kifaransa. Najua utashangaa, lakini hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko ile ya likizo. Kuipenda lugha ni sababu ya kuwa mkalimani, mfasiri, mtu wa utalii Arusha, au kubaki hapohapo ulipo na simu yako. Anayeipenda lugha sana hufurahi akiwa na wanaoijua. Mwalimu wa sekondari anakaa mwaka mzima na wasioijua. Atasikia "je suis" ikitamkwa vibaya hadi usiku aiote, na akifika mwisho wa mwaka na wale wameanza kuelewa, Januari inaleta wengine wanaoanza kwenye "bonjour". Shule moja niliyofundisha tulikuwa na mwenzetu mmoja, Kifaransa chake kilikuwa kama cha redio. Alikuwa akiumia kimwili kusikia makosa. Anamkatiza mtoto kila neno la pili. Kufika kidato cha tatu, siku mwanafunzi anaporuhusiwa kuacha somo la hiari, darasa lake lilibaki na watoto ambao ungewakalisha wote benchi moja. Alikipenda Kifaransa kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye.

Sasa nikuoneshe sababu ambayo hukuiweka kwenye karatasi. Iko kwenye mfano ulionipa, ule wa namba. Darasa zima lilianguka, na katika barua yako sikuona mahali ulipoandika kwamba watoto wa shule ya kata ni wazito. Ulikwenda ukabadilisha somo. Likashindikana tena, ukabadilisha tena. Soko la Majengo halikuwa kwenye kitabu chochote, na hao madereva wa Burundi hakuna chuo kingekupa. Halafu walipokuuliza swali la maana ukawaacha wabishane badala ya kuwaambia wanyamaze mwendelee na mada. Mwanangu, huko ndiko kufundisha, na mtu anayefanya hivyo kwa hiari Ijumaa jioni baada ya wiki nzima ya kugombana na makaratasi ya mizigo ana sababu ambayo baba yake na mchumba wake hawawezi kumpa wala kumnyang'anya. Iandike hiyo. Iandike kwa urefu uliouandika kwangu, na karanga na zabibu zake.

Na kwa kuwa nimeona unapenda kuchokonoa, nikupe kazi ya Jumamosi ijayo. Watoto wetu wakifika kwenye mambo ya kiume na kike ya Kifaransa, kwamba meza ni ya kike na kitabu ni cha kiume, wanaona ni uchawi, na walimu wengi huwaambia wakariri tu. Wakumbushe ngeli. Mtoto anayesema "kiti kizuri, viti vizuri, mti mzuri, miti mizuri" bila kufikiri ameshazoea kwamba nomino ndiyo inayoamua kivumishi kivae nini. Mfaransa ana makundi mawili tu, sisi tuna utitiri. Na wengi wa hao watoto walianza na Kigogo au Kirangi nyumbani, Kiswahili wakakijulia shuleni, Kiingereza kikawapiga kidato cha kwanza. Kifaransa ni lugha yao ya nne. Hakuna mtoto wa Paris mwenye mazoezi hayo, na waambie hivyo, maana wao wamezoea kuambiwa lugha haziwapandi.

Nina wasiwasi mmoja lakini, na usiuruke. Jumamosi inadanganya. Wanaokuja Jumamosi wamejileta. Hujawahi kuingia saa nane mchana, bati linawaka, vipindi viwili mfululizo, darasa lina watoto zaidi ya hamsini na nusu yao hawakuchagua kuwa hapo, wewe mwenyewe ni mwalimu wa zamu na kuna wawili wamepigana wakati wa uji. Hujaandika azimio la kazi la muhula mzima, wala andalio la somo la kila kipindi ambalo mtaaluma atalipekua. Hujabeba madaftari nyumbani. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, mwombe bosi wako siku moja ya katikati ya wiki kwa muhula mmoja. Umesema hana neno, basi tumjaribu. Mwambie mkuu wa shule akupe kipindi kibaya kuliko vyote, si kile cha asubuhi, na akukabidhi kusahihisha pia. Ukitoka huko bado unaandaa vikaratasi Ijumaa jioni, kajisajili.

Kuhusu kusoma, huna haja ya kuacha kazi mara moja. Stashahada ya uzamili ya ualimu kwa kawaida ni mwaka mmoja au zaidi kidogo, na Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Dodoma, kinaitoa kwa mtu aliye kazini. Kitakachokulazimu kuomba ruhusa ndefu ni mazoezi ya kufundisha, zile wiki za kukaa shuleni na msimamizi anakuja kukuangalia. Hizo zipangie mapema na bosi. Na kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi, ile asilimia 15 itaendelea kukatwa popote utakapoajiriwa, kwa hiyo bajeti yako uipige kwa mshahara wa mwalimu anayeanza, usiipige kwa huu wa sasa.

Nirudi kwa huyo mchumba. Amekuwa muungwana kuliko wengi, hakukukejeli. Ila Shangazi ana swali: wewe una mshahara, kwa nini ada ipitie mfukoni mwake? Mtu akikulipia ada baada ya kuikagua karatasi yako, siku ukichoka na kulalamika, na utachoka, ataitoa ile karatasi kabatini. Jilipie. Hata kwa awamu, hata kwa mchezo wa kina mama wa kanisani. Karatasi mpelekee, asome, aulize, mbishane kwa raha, kwa kuwa ni mwenzako na suala la kituo cha kazi linamhusu. Lakini aisome kama mchumba, asiisome kama bodi ya mikopo.

Baba yako ni jambo lingine. Usimpelekee karatasi. Mzee wa reli wa zamani, aliyeuza ng'ombe, hasomewi sababu na binti yake, na mimi simlaumu. Enzi zake mwalimu alikuwa mtu mkubwa kijijini, kisha akashuhudia walimu wanakopa unga dukani hadi mwisho wa mwezi. Anachoogopa ni hicho. Mtafute mtu wa rika lake atakayekwenda kukaa naye, baba mdogo au mjomba, au huyo mkuu wa shule mwenyewe, maana mnasali pamoja na bila shaka mzee anamjua. Amweleze anavyokuona ukifundisha. Wewe siku hiyo uwe jikoni na mama. Na mama, kabla ya hapo, muulize faraghani ana maoni gani. Umeniandikia kwamba amenyamaza, hukuniandikia kwamba umemuuliza.

Jambo la mwisho ni la mkuu wa shule. Mwambie tangu sasa kwamba ukianza masomo, kuna wiki hutakuwepo kabisa, ili aandike barua ya kuomba mwalimu wa Kifaransa mapema. Kidato cha pili hao wana upimaji Novemba, na wakipata mwalimu wa kuajiriwa wewe utabaki na Jumamosi zako bila kubeba somo zima mgongoni.

Shangazi